Taa Niliyoiacha Ndani ya Boksi

Zuhura mwanangu,

Nakuandikia ungali hapa hapa kwetu, ng'ambo ya mto tu, Sabaki, ulikokwenda kumuaga bibi yako. Umeniambia utarudi kabla ya magharibi. Nimeswali adhuhuri, nimekula wali ulioniwekea, nikaingia chumba cha mbele na daftari hili. Sanduku lako liko karibu na mlango. Kesho saa kama hizi utakuwa uwanja wa ndege Mombasa, na kesho kutwa, Inshallah, utakuwa Maskati, ndani ya jumba la samaki ambalo mimi nimeliona kwenye simu yako tu.

Uliniomba nikuandikie namna ya kufunga zile taa za kuua vijidudu kwenye matangi ya maji ya chumvi, hatua kwa hatua, usije ukasahau ukiwa mbele ya wageni. Nimekuandikia. Maelezo yamo kwenye karatasi mbali, ndani ya mfuko wa pembeni wa sanduku: kwamba maji yapite kwenye kichujio kwanza ndipo yafike kwenye taa, kwamba waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi ili tone la maji lisiufuate, kwamba mrija wa kioo unaoifunika balbu usuguliwe kwa siki ukishika chokaa, na umeme uzimwe kabla hujafungua chochote. Sitayarudia hapa. Wala sitakuambia ule nini, uvae nini, uamke saa ngapi. Una miaka ishirini na miwili na una akili ya mama yako.

Hapa nataka kukupa habari ya taa moja ambayo sikuifunga.

Lile banda la Bofa nadhani unalikumbuka kidogo tu. Wakati huo tulikuwa tukikaa Kilifi, na siku za likizo nilikuwa nakuchukua kazini ukae kwenye kiti cha plastiki uwatazame samaki. Wapiga mbizi walileta samaki wa mapambo kutoka kwenye miamba, sisi tukawapumzisha matangini, kisha wakatiwa ndani ya mifuko yenye maji na hewa wakapelekwa Ulaya. Mwenye banda tulimwita Tajiri. Mimi nilikuwa fundi wa pampu na mabomba. Samaki wenyewe walikuwa mikononi mwa Dama.

Jina hilo unalijua. Umelisikia kwangu tangu utotoni. Lakini mwenyewe ni nani, sikukuambia. Alikuwa Mgiriama wa Vitengeni, mrefu, mwenye sauti ya chini, hana maneno mengi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mimi nilikomea darasa la saba. Alimtambua samaki mgonjwa kabla doa halijatokea. Alisimama mbele ya tangi mikono nyuma, akatazama weee, halafu akasema, huyu jana hakula. Ikawa kweli.

Taa zilipokuja mara ya kwanza zilikuja na kijitabu cha Kiingereza. Sikutaka ijulikane kwamba sikielewi, nikakitia mfukoni, nikazifunga kwa akili yangu mwenyewe. Nikaunganisha taa na pampu kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, nikidhani maji yakienda mbio ndiyo yatasafika zaidi. Dama aliniomba kile kijitabu akakisoma wakati wa chai. Aliporudi aliniita pembeni, wengine wasisikie.

"Kaka Bakari, hapa wanasema maji yapite taratibu. Mdudu akipita mbio, mwanga haumuui."

Tukachukua ndoo na saa yake ya mkononi, tukahesabu ndoo inajaa kwa muda gani, tukapunguza maji, tukahesabu tena, mpaka yakafika pale kitabu kilipotaka. Yote ninayoyajua kuhusu taa hizi, na yote niliyokufundisha wewe kama elimu yangu, yalianzia kwa mwanamke huyo na ndoo hiyo.

Siku nyingine nilitaka kuhakikisha balbu inawaka, nikaiwasha ikiwa nje ya gamba lake, nikaitazama kwa macho makavu. Jioni macho yakawa kama yametiwa mchanga. Mama yako alinilaza, akaniwekea kitambaa cha maji baridi, akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake kazini nikakuta Dama amebandika karatasi kwenye kila gamba, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hapa hapatazamwi. Sote tulicheka siku hiyo. Nakuandikia hili ujue kwamba palikuwa na kicheko.

Balbu zile zina tabia moja, nawe unaijua. Baada ya mwaka hivi mwanga wa buluu unaendelea kuonekana kama kawaida, lakini nguvu ya kuua imekwisha. Kwa jicho huwezi kutofautisha. Kwa sababu hiyo Dama alitengeneza kadi, akaifunga kwa uzi kwenye kila taa: balbu imewekwa lini, imebadilishwa lini, na sahihi ya aliyebadilisha. Sahihi ilikuwa yangu siku zote.

Mwaka uliofuata mama yako akaanza kuugua figo. Mara mbili kwa wiki nilimpeleka hospitali kusafishwa damu. Tulitoka alfajiri, tukarudi alasiri, kesho yake nikaenda kazini, na wewe ukashinda kwa jirani. Mwanzoni niliogopa sana. Baadaye hofu ikaondoka, na ilipoondoka ikaondoka na vingine vyote. Nilikula bila kujua nakula nini. Mtu akinisalimu nilimwitikia, akishapita sikumbuki alikuwa nani. Niliweza kukaa mbele ya pampu iliyoharibika nusu siku nikiitazama. Sikulia, sikukasirika, sikuomba dua ya maana. Watu walisema Bakari ana subira. Haikuwa subira. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na mimi niliona heri uwe hivyo.

Jumatano moja balbu mpya ya matangi makubwa ilifika. Mchana huo Tajiri alikuwa akija kukagua kadi. Nikaichukua kadi, nikaandika tarehe, nikaandika imebadilishwa, nikatia sahihi, nikakusudia kuifunga balbu baada ya chakula. Kabla sijala simu ikalia. Alikuwa jirani, akaniambia mama yako ameanguka uani. Niliondoka na nguo za kazi. Boksi la balbu likabaki rafuni.

Mpaka hapo mtu yeyote angenielewa. Ndiyo sababu nakuomba usiishie hapo.

Nilirudi kazini Jumatatu. Boksi nililiona. Lilikuwa pale pale, karibu na nyavu ndogo za kutolea samaki. Nilijua lina nini ndani, na nilijua kadi inasema nini. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Nikapita. Jumanne nikapita tena. Sikuwa na sababu, Zuhura. Nimeitafuta sababu miaka hii yote nikupe, na sina. Sikuwa na kazi nyingi kuliko siku nyingine. Nililitazama boksi kama mtu anavyotazama ukuta. Lilikaa pale wiki tano.

Katika wiki ya tatu wapiga mbizi wakaleta samaki waitwao kangaja wa buluu, wale wanaopendwa mno na wanunuzi na wanaougua upesi kuliko wote. Dama aliwaweka peke yao kwa siku zote zinazotakiwa, kama alivyofanya siku zote, ndipo akawaingiza kwenye matangi makubwa. Haukupita muda akaniita nitazame pezi la mmoja wao. Sikuona kitu. Kesho yake madoa meupe yalikuwa yamewaenea kama waliopakwa chumvi. Siku ya tatu wakaanza kufa. Maji ya matangi yote yalikuwa mamoja, yanazunguka, yanapita kwenye taa, yanarudi. Kufika Alhamisi kitatange, samaki wengine tuliokuwa nao humo, nao walikuwa wamelala ubavu. Dama hakwenda kwao siku tatu. Alikuwa akiwatoa mmoja mmoja kwa wavu, anawatia kwenye ndoo, anaandika.

Kuna jambo lazima nilitaje, kwa kuwa wewe ni mtu wa kazi hii. Taa haimponyi samaki. Inaua kile tu kinachopita mbele yake. Huenda balbu ingekuwa mpya na samaki wangekufa vilevile. Huenda wangekufa wachache. Sijui, na hakuna atakayejua. Neno hilo, "huenda", nimelilalia miaka mingi.

Ninachokijua bila shaka ni nilichofanya Ijumaa. Wenzangu walipokwenda msikitini niliwaambia watangulie, nitawafuata. Dama alikuwa nje, upande wa ufukweni, akizika samaki. Nikafunga mlango. Nikazima umeme, nikafunga maji, nikafungua gamba, nikatoa balbu iliyochoka nikatia mpya. Balbu ya zamani niliifunga ndani ya taulo nikaitia kwenye mfuko wangu wa kazini. Boksi nililiacha palepale rafuni, tupu, pasionekane kilichobadilika. Nilifika msikitini watu wakitoka, nikapeana nao mikono.

Jumamosi Tajiri akatuita mbele ya matangi matupu. Aliniuliza mimi kwanza habari ya taa. Nikamwambia taa nzima, kadi hii hapa. Akaisoma kadi. Akaifungua taa mwenyewe, akaiona balbu inang'aa, mpya kabisa. Kisha akamgeukia Dama, akamuuliza kama wale kangaja walitimiza siku zao. Dama akajibu kwamba walitimiza. Tajiri akasema kama taa ni nzima na siku zilitimia, basi samaki wameuawa na nini? Akanigeukia tena.

"Bakari, unaniambia kweli? Taa ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa," nikasema.

Dama alikuwa akitazama rafu. Baadaye alinitazama mimi, si kwa muda mrefu. Tajiri akamwambia asirudi tena. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kile kiti chako cha plastiki, akatoka.

Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa ameketi kitandani. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Yeye na Dama walipendana, walikuwa wakipelekeana mboga. Akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia ni Dama, aliwaingiza samaki kabla ya siku zao.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Nina hakika."

Akasema tu kwamba hakumdhania. Wewe ulikuwa sakafuni unachora. Sikukuangalia.

Mama yako aliishi miezi miwili baada ya hapo. Amekufa akijua kwamba rafiki yake alikuwa mzembe na mumewe mkweli.

Siku ya pili ya matanga Dama alikuja na sinia la chakula alilolibeba kutoka Vitengeni, mwendo wote ule. Mimi nilikuwa barazani na wanaume. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni kwa wanawake, umevaa gauni lililokuzidi. Alikusalimu. Ukamwambia, kwa sauti iliyosikika mpaka kwetu, "Wewe ndiye uliyewaua samaki wa baba."

Dama akaliweka sinia chini polepole. "Haya mwanangu," akasema, akageuka, akaenda zake. Ningeweza kusimama. Kutoka nilipoketi mpaka kwake palikuwa na hatua kama kumi. Sikusimama. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami akasema watoto wa siku hizi hawana adabu, nikamwitikia.

Sijui kama unalikumbuka hilo. Kama unalikumbuka, ujue neno lile halikuwa lako. Nililitia mimi kinywani mwako, nikakuacha ulitoe mbele za watu, ukiwa na miaka tisa, siku mbili baada ya kumzika mama yako.

Tulihamia hapa Malindi, kwenye nyumba ya marehemu baba yangu. Banda la Bofa halikudumu, likafungwa. Mimi nikapata kazi za kutunza matangi ya mahotelini, nawe ukakua ukinifuata nyuma na kikapu cha vifaa. Hukuogopa kuingiza mkono popote. Ulikuwa na miaka kumi na miwili ulipofunga taa yako ya kwanza, na maji uliyapima kwa ndoo, kama nilivyokufundisha. Ulipokuwa ukiniuliza kwa nini samaki wapya watengwe siku zote hizo, nilikusimulia kisa cha Bofa. Nilikisimulia mara nyingi mpaka kikanyooka vizuri. Kila mara Dama alikuwa ndani yake, na kila mara alikuwa yule yule.

Ulipokuwa na miaka kumi na saba uliniuliza, tukiwa mezani, kama nilimpenda mama yako. Ulisema hujaniona nikilia hata siku moja. Nilikuambia ule chakula chako. Nilimpenda, Zuhura. Sikujua jinsi ya kulisema jambo ambalo nililijua tu na sikulisikia popote mwilini. Nilidhani nikisema utanisikia sauti ilivyo tupu.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia leo. Miezi miwili iliyopita, siku ile watu wa Maskati walipokupigia simu ya mahojiano, ulikaa chumba hiki hiki nilimokaa mimi sasa. Nilikuwa ukumbini. Kiingereza changu ni kidogo, lakini jina nililisikia. Ulilitaja mara tatu. Ulipotoka ulikuwa unacheka, ukanishika mabega ukasema, "Baba, nimewaambia kisa chako cha Bofa. Wamekipenda."

Nikakuambia vizuri. Nikaenda kuchukua udhu na wakati wa sala ulikuwa bado.

Wiki iliyofuata nilikuaga kwamba nakwenda kutazama pampu Kilifi. Sikwenda kutazama pampu. Nilipanda mpaka Vitengeni, nikauliza senta, pale penye maduka, nikaonyeshwa. Nilimkuta Dama ameketi mbele ya nyumba akipukuchua mahindi. Nywele zimekuwa nyeupe mbele. Nilipiga hodi, akanikaribisha kama anavyokaribishwa mtu yeyote, akaniletea kiti na maji ya kunywa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilipofungua kinywa yalitoka mafupi.

"Dada Dama, balbu sikuibadilisha. Kadi ile niliandika uongo."

"Najua," akasema.

Aliendelea kupukuchua. Nilidhani hakunisikia vizuri, nikaanza kueleza habari ya Ijumaa, akanikatiza kwa mkono.

"Boksi lilikuwa jepesi. Ijumaa asubuhi nilitaka wavu, nikalisogeza, lilikuwa na uzito. Jumamosi nikalisogeza tena, halikuwa na kitu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya Tajiri. Akafikiri kidogo, kana kwamba namuuliza habari ya mtu mwingine.

"Mkeo alikuwa anakwenda hospitali mara mbili kwa wiki. Ukifukuzwa wewe, nani atampeleka? Nikasema acha, mambo yakitulia atasema mwenyewe." Akamwaga punje kwenye ungo. "Nikangoja. Mkeo alipofariki nikaja, nikasema labda sasa. Baada ya hapo nikaacha kungoja."

Alinieleza yaliyofuata bila kupandisha sauti. Alikwenda kwenye mabanda mengine ya samaki, Kilifi na Mtwapa, na kila alipofika kisa kilikuwa kimemtangulia. Akaomba kazi ya usafi hotelini, akaifanya miaka michache, mgongo ukamshinda, akarudi kwao kulima. Kwamba aliwahi kuwatazama samaki, watoto wake hawaamini. Nilimsikiliza, na nakuambia kweli, mwanangu, sikuhisi kitu. Nilikuwa nikitazama punje zinavyodondoka. Nilijua kwamba mtu aliyekaa mahali pangu angepaswa kulia, na nikangoja nione kama nitalia.

Nikamwomba radhi.

"Nimesikia," akasema.

Zaidi ya hapo hakusema, nami sikumwomba aseme. Usije ukadhani kwamba alinisamehe. Hakuniambia hivyo, na mimi sitamsemea.

Nilipokuwa nasimama kuaga akaniuliza yule mtoto wa mlangoni yuko wapi siku hizi. Nikamwambia umekua, umesoma, umepata kazi Maskati kwenye jumba kubwa la samaki. Hapo mikono yake ilisimama. Tangu nilipofika ilikuwa haijasimama.

"Anajua kuwatazama?" akaniuliza.

"Anajua."

"Wewe humjui samaki. Nani alimfundisha?"

Nikamwambia nimekufundisha yale niliyoyaona yeye akiyafanya. Kisha akasema, "Usimwache aende na uongo wako. Mtoto hana kosa." Akachukua gunzi jingine.

Nilirudi Malindi nikisubiri nijisikie mwepesi, kama wanavyosema watu. Sikujisikia. Nilimtafuta Tajiri kwa simu. Yuko Mombasa, amezeeka, anauza matofali. Nikamweleza yote. Akacheka kidogo, akasema, "Bakari, mambo ya zamani hayo," akaniuliza kama najua mtu anayejenga. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukata.

Imenichukua wiki saba kukaa na kalamu. Kila siku nilisema kesho. Naijua tabia hiyo, ni ile ile ya rafuni, na safari hii niliiona ikinijia, nikaona tarehe yako nayo inakuja.

Sina mengi ya kukuusia. Popote utakaposimulia tena kisa cha Bofa, ondoa jina la Dama kwenye kosa, weka langu, jina kamili na la baba yangu. Yale ya ndoo na kadi na kutenga samaki, weka lake. Kama utaona inafaa kuwaambia wale watu wa Maskati kwamba ulichowaeleza hakikuwa hivyo, waambie. Kama utaona haifai, hilo nakuachia. Kazi ni yako na mimi nimeshakuamulia mambo mengi bila wewe kujua.

Na jingine ni hili. Yatakufika na wewe, kwa kuwa humfika kila mtu: kutakuwa na wakati utakapopita mbele ya kitu unachojua kabisa kwamba kinakungoja, na hutakuwa na nguvu ya kunyoosha mkono. Usijifiche. Mimi nilidhani nikisema siwezi watu wataona aibu yangu. Dama alikuwa hatua tano kutoka kwangu kila siku kwa wiki tano zote zile. Ningemwambia, "Dada, leo siwezi, nifungie balbu hii," angeifunga, labda na kunitania kidogo, na kadi ile ingekuwa ya kweli. Ni maneno machache sana. Nimeyahesabu mara nyingi.

Nilikusudia kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya zile nguo, uikute ukishafika. Nilishaikunja kabisa. Nikajiona nikifunga mlango Ijumaa ile na taulo mkononi, nikaikunjua.

Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi. Isome hapa hapa, chumba hiki, taa ikiwa imewashwa, nami nitakaa kwenye kiti cha ukumbini mpaka uimalize. Ukitaka kuniuliza, niulize, nitakujibu la kweli hata kama ni la aibu. Ukitaka kunisema, niseme utakavyo, sitakuambia ule chakula chako. Na kama utaona huna neno lolote la kuniambia, nenda ukalale, mwanangu, sitakugongea mlango. Alfajiri nitakuwa nimeamka, na sanduku lako nitalibeba mimi.

Baba yako,
Bakari